Pekupeku Anakuja

Kurwa alimtangulia Doto kuja duniani, na tangu hapo hakuna alilolifanya ambalo Doto hakulifuata nyuma yake, kwa kuchelewa kidogo. Walizaliwa Lulindi, jirani na kanisa. Mama yao, Dorika, alikuwa akifua na kupiga pasi kanzu za wanakwaya. Walipofikia umri wa kutumwa dukani, Doto alishikwa na degedege. Homa ilipoondoka ilimwachia mguu wa kulia unaoburuzika na ulimi mzito. Maneno yakawa yanamtoka moja moja, kila neno likingoja lenzake lipite kwanza. Akili yake ilikuwa nzima kabisa, ila watu wengi hawakulijua hilo, maana hawakuwa na subira ya kumsikiliza mpaka mwisho.

Kurwa alikuwa nayo subira hiyo. Huenda ndiyo iliyomfanya awe mpigaji mzuri wa kinanda, kwa sababu alijua kungoja. Alijifunzia palepale kanisani, na mwalimu wa kwaya alikuwa akimgombeza kila Jumamosi.

“Mikono yako inacheka, Kurwa. Hapa ni nyumba ya ibada.”

Kweli ilikuwa inacheka. Wimbo wowote aliopewa ulipita mikononi mwake ukatoka umevaa kofia upande. Palipotakiwa kwenda moja kwa moja, yeye alisimama kidogo, akachungulia, ndipo akaendelea. Waumini walitabasamu bila kujua wanatabasamia nini.

Mama yao alipofariki walihamia Newala, kwenye nyumba aliyowaachia mjomba. Kurwa alikuwa mwanamke mtu mzima sasa, aliyeolewa na kuachika bila mtoto. Chumba cha mbele alikifanya studio. Alibandika magodoro ya zamani ukutani, akaweka kompyuta ya mtumba na kinanda cha umeme, akawa anarekodi kwaya, nyimbo za harusi na matangazo ya maduka. Doto aliuza maji. Mabomba ya Newala yakikauka hukauka kwelikweli, na siku hizo watu humtegemea mwenye madumu. Doto alijaza kwenye kioski cha maji, akapakia madumu kwenye baiskeli, akaisukuma mlango kwa mlango. Hakuwahi kuipanda. Baiskeli ilikuwa mzigo wake na fimbo yake kwa pamoja.

Kurwa alimsikia akiwa bado mbali. Mguu mzima ulitua paa, kikapita kimya kifupi, kisha mguu mbovu ukaja shwaa kwenye mchanga, na madumu yakagonga fremu ya baiskeli, ko-ko. Siku moja, kwa kujifurahisha tu, aliuchukua mwendo ule akaupiga kwenye kinanda dirisha likiwa wazi. Doto akasikia, akasimama ghafla. Kurwa naye akasimamisha kidole hewani. Doto akaburuza mguu kidogo, kinanda kikaburuzika. Doto akasogea hatua mbili za haraka, kinanda kikamfuata mbio. Alifika mlangoni machozi yakimtoka kwa kicheko.

“Ume... nikosa... mara moja,” alisema.

Tangu hapo ukawa mchezo wao. Kila alipokaribia nyumbani alijaribu kumtega dada yake, na dada yake alijaribu asitegeke.

Mchezo huo ndio alioukuta Ashiru. Ashiru alikuwa mtu wa Masasi, mtengenezaji wa filamu za kuchekesha zinazouzwa kwenye flashi na kuangaliwa kwenye simu. Alikuja Newala kurekodi sauti za tangazo, akawa amekaa kwenye kigoda studioni wakati Doto anarudi. Alimwona Kurwa anauacha mkutano wao nusu, anageukia kinanda, anaupiga mwendo wa mtu aliye nje.

“Hiyo ni nini?” aliuliza.

“Si kitu. Namkaribisha ndugu yangu.”

“Naitaka. Nina filamu inatafuta mtu wa kutembea hivyo.”

Filamu yenyewe iliitwa *Kiatu cha Posa*. Ilihusu bwana mmoja anayekwenda kuposa huku kila mara anapoteza kiatu kimoja, mpaka watu wanamwita Pekupeku. Kurwa alimwomba siku ya kufikiri. Jioni alimweleza Doto. Doto alitafuna muhogo wake wa kuchoma taratibu, akautafuna mpaka ukaisha.

“Nita... kuwemo?”

“Utakuwemo.”

“Basi.”

Kurwa alifanya kazi ile kama mtu aliyeruhusiwa kucheka kanisani. Kila mhusika alimpa kitu chake. Baba mkwe alipewa pampu ya baiskeli, kwa hiyo kila anapokasirika inasikika hewa inajaa. Binti anayeposwa alipewa filimbi ya bua la jani la mpapai, ile watoto wanayoichonga njiani, yenye sauti ya mtu anayezuia chafya. Mbuzi anayekula barua ya posa alipewa kizibo kinachosuguliwa kwenye chupa. Chini ya vyote hivyo alimweka mzee mmoja wa Makote aliyepiga marimba ya mti kwa upole, ili kicheko kiwe na mahali pa kukalia. Na Pekupeku alipewa mwendo wa Doto. Ukisikiliza vizuri, sauti ile haikumcheka mtu. Ilimngoja. Kila mguu ulipochelewa, vyombo vyote vilinyamaza kumpa nafasi, halafu vikaondoka naye.

Filamu ilionyeshwa kwanza kwenye ukumbi mmoja wa Masasi. Kurwa na Doto waliteremka kutoka Newala asubuhi wakiwa wamevaa nguo za Jumapili, wakapewa viti vya mbele. Kurwa alikuwa ametengeneza muziki bila kuona picha zote, na hakujua kwamba Ashiru alimwekea mwigizaji wake wimbo ule masikioni akamwambia, “Tembea hivi hivi.” Basi Pekupeku alipotokea kwenye pazia akiburuza mguu, mkono umening’inia, mdomo umeachwa wazi, ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko. Watu waliyapigapiga makofi magoti ya jirani zao. Kurwa aligeuka kumtazama ndugu yake.

Doto alikuwa anacheka. Alianza nyuma ya wengine na akamaliza nyuma yao, na sauti yake ilizidi za wote.

“Kurwa! Ni... mimi!”

Wakati wa kutoka alisimama mlangoni akawaambia watu waliopita, mmoja mmoja, “Yule... ni mimi.” Walimshika mkono. Mmoja alimnunulia soda. Alirudi Newala akiwa na furaha ambayo Kurwa hakuwa ameiona tangu utoto wao. Kurwa alitaka kumwambia neno, hata akalianza, lakini angemwambia nini mtu aliyefurahi namna ile?

Muziki ule ulitoka peke yake kama albamu, nao ukaipita filamu. “Mbuzi Kala Posa” ulichezwa kwenye harusi, “Mjomba Kameza Filimbi” ukapigwa na watoto shuleni kwa midomo. Mtangazaji mmoja wa redio alisema huo ndio muziki unaochechemea kwa makusudi, na kwamba aliyeutunga ana masikio ya mtoto. Lakini uliopendwa kuliko zote ulikuwa “Pekupeku Anakuja.” Waendesha bodaboda waliuweka kwenye spika za pikipiki zao.

Pale kwenye kioski cha maji palikuwa na kijiwe cha bodaboda, na aliyekuwa na spika kubwa zaidi aliitwa Nasibu. Mwanzoni Doto alipotokea kwenye kona, Nasibu alimfungulia wimbo wake kwa heshima kabisa, na Doto aliinamisha kichwa kama mheshimiwa anayepita mbele ya gwaride. Baadaye wakaona inapendeza zaidi wakiukimbiza. Simu ina uwezo huo, unaugusa tu wimbo unakwenda mbio. Doto naye, kwa kuwa alikuwa amezoea mchezo wa dada yake, alijaribu kuufuata. Alijikwaa. Madumu yalimwagika. Walicheka, wakamsaidia kujaza upya, wakacheka tena.

Siku iliyofuatia mtu mmoja alimvua kiatu akakificha.

“Pekupeku, kiatu kiko wapi?”

Alirudi nyumbani na mguu mmoja mtupu, ule mbovu, umechunika vidole kwa kuburuzika juu ya kokoto. Kurwa alimwosha kwa maji ya chumvi.

“Nani kakufanya hivi?”

“Walikuwa... wanacheza.”

“Na wewe ulikuwa unacheza?”

Doto aliutoa mguu majini, akavitazama vidole.

“Mwanzoni,” alisema.

Kiatu cha pili kilitupwa juu ya paa la kioski. Baada ya hapo watoto wakadaka mchezo kwa wakubwa, na watoto hawachoki. Walimfuata toka kona hadi kona wakiupiga wimbo kwa midomo, wakipiga makopo pale madumu yalipogonga. Akisimama, walisimama. Akiondoka, waliondoka naye. Ulikuwa ni mchezo uleule wa dirishani, isipokuwa sasa hakuwa na mahali pa kufika.

Kurwa alikwenda kijiweni.

“Shikamoo dada,” alisema Nasibu, akashuka kwenye pikipiki.

“Marahaba. Nasibu, yule ni ndugu yangu. Pacha wangu.”

“Tunamtania tu dada. Doto ni mtani wetu.”

“Utani una pande mbili. Yeye anakutania nini wewe?”

Toka siku hiyo Nasibu alizima wimbo kila Doto alipopita, na wenzake wakazima. Lakini watoto hawakuwa na cha kuzima.

Asubuhi moja Kurwa alikuwa jikoni akasikia kishindo uani. Alichungulia. Doto alikuwa nyuma ya choo, hana baiskeli, ameshika ukuta. Alikuwa anatanguliza mguu mbovu, anausukuma kwa mkono, kisha anauleta mzima harakaharaka kabla ule wa kwanza haujalegea. Alianguka. Akainuka, akapangusa magoti, akaanza tena. Akaanguka tena.

“Doto, unafanya nini?”

Alimtazama kama mtu aliyekutwa anaiba.

“Natoka,” alisema, akapumua. “Natoka... kwenye wimbo.”

Siku hiyohiyo Kurwa alipanda gari kwenda Masasi. Ashiru alimpokea vizuri, akamwitia chai, akamsikiliza bila kumkatiza. Alikuwa mtu mwema kwa kiasi cha kawaida.

“Dada Kurwa,” alisema, “niutoe wapi? Kwenye ukurasa wangu nitautoa leo, mbele yako. Lakini uko kwenye simu za watu. Siwezi kuingia mfukoni mwa kila mtu.”

“Kata hata kile kipande cha kutembea.”

“Hicho ndicho filamu.” Aliweka kikombe chini. “Halafu usilichukulie hivyo. Wanampenda. Zamani nani alimjua? Leo wilaya nzima inamjua.”

“Inamjua kwa jina gani?”

Ashiru aliutoa wimbo kwenye ukurasa wake, mbele ya Kurwa kama alivyoahidi. Gari alilorudi nalo Newala lilikuwa linaupiga, na kondakta aliwaimbia abiria wote mpaka waliposhuka.

Ndipo Kurwa alipopata wazo ambalo baadaye lilimtafuna kuliko mengine yote. Alisema moyoni, wimbo hufukuzwa na wimbo. Angetunga mwingine wa Pekupeku, mtamu kuliko ule, wenye mwendo ulionyooka, watu wauchukue wausahau wa kwanza. Alijifungia studioni, akavaa hedifoni, akawa hatoki ila kwa kula. Wimbo ulikataa. Kila alipounyoosha ulikuwa kama gwaride la shule, na kila alipoulegeza mguu wa Doto uliingia ndani yake.

Naye Doto alikuwa ameacha kwenda kwenye kioski. Aliiegesha baiskeli ndani, akachukua madumu mawili na kamba, akawa anapita nyuma ya mikorosho hadi kwenye njia ya zamani ya mteremko, ile waliyoiteremka mabibi wa Newala kufuata maji bondeni kabla mabomba hayajaja. Njia hiyo haina watoto wala bodaboda. Siku hizi hupita mbuzi na wakata kuni wachache. Mtu mwenye miguu miwili mizima hushuka akishika mizizi. Jirani yao, Mama Oliva, ndiye aliyekuwa akinunua maji yale, na siku moja alimuuliza mbona yana udongo. Doto alimwambia ni ya bondeni. Mama Oliva alidhani Kurwa anajua, maana ni mapacha, na mapacha huambiana.

Mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha mchana, ikachukua muda mfupi ikaacha. Kurwa alikuwa na hedifoni masikioni. Alipozivua alisikia maji yanadondoka kutoka kwenye paa na hakuna kitu kingine. Alitoka nje. Sufuria ya Doto ilikuwa jikoni, ugali haujaguswa, umeota ngozi juu.

“Mama Oliva, umemwona Doto?”

“Alipita na madumu kabla ya mvua.”

“Kwenda kioski?”

Mama Oliva alimtazama, na uso wake ukabadilika. “Kwani wewe hujui anakokwenda?”

Walitoka watu wengi kumtafuta. Waendesha bodaboda waliacha pikipiki zao juu wakashuka kwa miguu, wakiteleza kwenye matope, wakiita. Waliita “Doto.” Kurwa alilisikia hilo, jina la pacha wake limerudi, na hakupata faraja yoyote. Nasibu ndiye aliyemwona, chini ya kichaka kwenye kona ya pili ya njia, kamba ya dumu imezunguka kifundo cha mkono wake. Nyonga ilikuwa imevunjika na kichwa kimegonga jiwe. Nasibu alimpandisha mgongoni kilima kizima, hakukubali kupokewa.

Alikaa hospitalini siku chache. Alikuwa akizinduka na kupotea. Mara moja alimwona Kurwa, akamtambua.

“Baiskeli... iko ndani?”

“Iko ndani.”

“Mvua,” alisema, kama anayemweleza kwa nini ameuliza.

Alikuwa ametulia baada ya hapo. Alifariki asubuhi Kurwa alipokwenda kufua shuka. Walimzika Lulindi, karibu na mama yao. Kwaya iliimba, na mpigaji wa kinanda alipougua ghafla kwa woga wa kupiga mbele ya Kurwa, yeye alikwenda akakaa kwenye kiti akapiga mwenyewe. Alipiga kwa usawa kabisa, kama ilivyoandikwa kitabuni. Mwalimu wa kwaya wa zamani, ambaye sasa ni mzee, alilia aliposikia.

Mwezi mmoja baada ya mazishi Nasibu alikuja nyumbani na jogoo. Alisimama mlangoni hajui amweke wapi.

“Dada, mimi ndiye niliyeuanzisha ule mchezo.”

“Hukuuanzisha wewe,” alisema Kurwa.

“Nisamehe.”

Kurwa alijaribu. Alitafuta neno hilo ndani yake kama mtu anayepapasa mfukoni, akakuta halipo. Pia hakukuta hasira.

“Kaa kwanza,” alimwambia. “Jogoo mfunge pale.”

Walikaa barazani mpaka jua likageuka, kisha Nasibu akaaga akaondoka. Hakuja tena, na Kurwa hakumlaumu.

Ashiru alituma rambirambi, akaja mwenyewe, akalia kwelikweli. Baada ya miezi alipiga simu. Alikuwa na filamu nyingine. Watu walikuwa wanauliza yule mama wa muziki wa kuchechemea yuko wapi. Kurwa alimsikiliza mpaka mwisho.

“Sipigi tena, kaka Ashiru.”

“Utapumzika, halafu...”

“Hapana. Sipigi.”

Kinanda na kompyuta alivitoa kwa kwaya ya vijana wa Nanganga, waliokuja kuvichukua na gari la mtu. Nyumba aliifunga. Sasa anaishi Masasi kwa binamu yake na anafanya kazi ya kubangua korosho. Ni kazi ya kukaa chini mchana kutwa mbele ya lundo, kugonga ganda, kutoa kiini kizima. Mafuta ya ganda huunguza vidole. Vyake vimekuwa vyeusi na vigumu kwenye ncha, na mtu anayejua mambo hayo angeviona tu angejua haviwezi tena kazi ya kinanda. Wanawake huimba wakibangua. Yeye hugonga.

Mwaka huu, miaka mingi baada ya hayo, alikuja mfanyakazi mpya, msichana mchangamfu, akaketi pembeni yake. Siku mbili tatu alimtazama kwa kuibia, mwishowe akauliza.

“Shangazi, wanasema wewe ndiye uliyetunga muziki wa *Kiatu cha Posa*. Ni kweli?”

“Ni kweli.”

“Jamani! Sisi tumekua nao. Mama yangu akiwa na huzuni anauweka ule.” Alicheka kwa kukumbuka. “Ulitoa wapi mambo ya kuchekesha namna ile?”

Kurwa alipekua lundo, akachagua korosho nyingine, akaiweka kwenye jiwe.

“Mama yako bado mzima?” aliuliza.

“Mzima, shangazi.”

“Msalimie.”

Msichana alisubiri kama kuna zaidi. Msimamizi alipita akisema wakati wa chakula umefika, wakainuka wote kwenda kupaka majivu mikononi ili mafuta ya ganda yatoke, na kunawa.